Chaser yenye turbo kubwa inatoa moshi wa buluu: je, turbo imekufa kweli? (Lubumbashi)

KijanaWaBelAir (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air. Ombi langu ni refu kidogo, kwa sababu nimejifunza kwa hasara kwamba fundi akipewa maelezo mafupi hukujibu kwa kukutajia kifaa cha kununua.

Gari ni Toyota Chaser Tourer V, ile ya JZX100 iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, yenye injini ya 1JZ-GTE, silinda sita katika mstari mmoja, lita 2.5. Ilitoka Japani ikiwa imekwisha kubadilishwa sana: turbo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) ya kiwandani ya CT15B iliondolewa, na mahali pake ikafungwa kubwa ya Garrett inayozunguka juu ya gololi, pamoja na intakula (kipoza hewa) ya mbele, westigeti (mlango unaozuia shinikizo la turbo lisizidi) ya nje, enjekta kubwa na kompyuta ya kurekebishika. Iliteremshwa Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Karatasi pekee iliyokuja nayo ni ukurasa mmoja wa Kijapani ambao mimi nasoma tarakimu zake tu, na penye shinikizo la turbo pameandikwa 1.1, yaani kilo kwa sentimeta ya mraba.

Tatizo ni moshi wa buluu. Ninapoiwasha asubuhi hautoki. Injini ikishapata moto, nikasimama kwenye taa za barabarani kwa dakika mbili au tatu, kisha nikaondoka, nyuma yangu huinuka wingu ambalo waendesha pikipiki hunitukana kwa ajili yake, na wana haki. Nikiwa katika mwendo kwenye barabara ya Likasi hakuna moshi wowote. Mafuta ya injini yanapungua karibu lita moja kwa kilometa 1,000. Jambo la pili ni kwamba saa ya shinikizo hufika 1.2, si 1.1.

Nimekwenda gereji tatu. Ya kwanza ilisema turbo imekufa. Ya pili ilisema turbo imekufa na westigeti pia. Ya tatu ilisema turbo imekufa, na kwa bahati nzuri wanayo nyingine. Hakuna hata moja iliyofungua kitu chochote isipokuwa kapo (boneti). Kabla sijatoa dola ambazo sina, naomba mnieleze: mtu anajuaje kwamba turbo imekufa?

---

FundiWaMgodi_Kolwezi

Ndugu mdogo, mimi nashughulikia injini za malori makubwa ya mgodini, ambako turbo ni kitu cha kila siku, na nitakuambia neno ambalo gereji zako tatu hazikukuambia: ndani ya turbo hakuna sili ya mpira kama ile ya kwenye magurudumu. Kila upande wa mhimili kuna kipete chembamba cha chuma, kinachofanana na segimenti ya pistoni. Kazi ya kipete hicho hasa ni kuzuia gesi isiingie penye mafuta. Mafuta yenyewe yanatakiwa yaingie kwa juu, yalainishe gololi, kisha yaanguke chini kwa uzito wake na kurudi kwenye karteri (bakuli la mafuta chini ya injini). Hayana pampu ya kuyavuta. Yakikosa njia ya kuanguka, yatajaa katikati ya turbo na kuvuka kipete, hata kama turbo ni mpya na imetoka kwenye boksi leo.

Sasa angalia moshi wako unatoka lini. Injini ikiwa chini ya mzigo, hewa na gesi nyuma ya mapanga ya turbo zina shinikizo, nalo huyasukuma mafuta yabaki ndani. Injini ikinguruma polepole kwenye taa, shinikizo hilo halipo, kwa hiyo mafuta yaliyojaa huteleza hadi kwenye bomba moto la moshi, yakaungua utakapokanyaga. Segimenti za pistoni zingekuwa zimekwisha, ungeona moshi hasa wakati wa kukanyaga kwa nguvu. Sisemi kwamba turbo yako ni nzima. Nasema dalili ulizozieleza zinaelekeza kwenye mambo matatu yaliyo nje yake.

La kwanza ni mafuta kuingia kwa wingi mno. Turbo ya gololi haihitaji mafuta mengi kama ile ya kusine (beringi laini) za shaba, na kwa sababu hiyo kwenye mdomo wa kuingilia huwekwa kizuizi chenye tundu la takriban milimita 1, ili shinikizo lisipite kilo 3 hivi. Aliyeifunga akisahau kale kadude, mafuta yanamwagika kama bomba la mtaa lililopasuka. La pili ni mpira wa kurudishia: uwe mpana, uteremke karibu wima (Garrett wanataka usilale zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima), na uingie kwenye karteri juu ya usawa wa mafuta, si chini yake. La tatu ni pumzi ya karteri yenyewe. Mvuke wa ndani usipopata pa kutokea, hupanda na kuyasukuma mafuta ya turbo yarudi juu.

Naomba jambo moja tu, usilete hapa maneno ya "nahisi". Leta vipimo.

---

Msafiri_Kasumbalesa

Kwa heshima zote, yaya (kaka mkubwa), haya ni maelezo mazuri ya shule. Mimi napitisha vipuri mpakani kila wiki na nimeona watu wakipoteza miezi mitatu wakipima, halafu mwishowe wananunua turbo ileile waliyoikataa siku ya kwanza. Turbo iliyotumika kutoka Japani inapatikana. Aifunge, moshi ukiisha tutakuwa tumejua.

---

Karteri_Katuba

Na usipoisha? Atakuwa na turbo mbili na moshi mmoja.

Ndugu wa Bel-Air, mimi ni fundi wa magari madogo hapa Katuba. Ninaafikiana na mzee wa Kolwezi, isipokuwa ningeanzia mahali pengine, kwenye silinda, kwa sababu injini ikiwa imechoka ndani hakuna maana ya kupanga mipira ya nje.

Pasha injini moto, toa bujii (plagi) zote sita, chomoa waya za enjekta ili petroli isinyunyizwe, hakikisha betri imejaa, na mtu akanyage mafuta mpaka mwisho unapozungusha stata. Kila silinda uizungushe idadi ileile ya mapigo. Usishtuke ukipata tarakimu ndogo kuliko za kitabu. Vitabu vimeandikwa kwa mtu aliye karibu na bahari, na sisi tuko juu yake kwa takriban meta 1,200, ambapo hewa inayoingia kwenye silinda ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 13. Silinda ambayo ingesoma 12 Dar es Salaam itasoma 10 na kitu hapa ikiwa na afya ileile. Nimeshuhudia injini nzima ikibomolewa kwa sababu fundi alisahau jambo hili. Kinachotazamwa ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi kilo 1.

Kisha fungua mfuniko wa kumwagia mafuta juu ya injini, injini ikinguruma, na uvike mdomo wake glavu nyembamba ya plastiki. Karteri inayopumua vizuri huiacha glavu ilegee au huivuta kidogo. Ikisimama kama mkono wa mtu anayesalimia, kuna shinikizo ndani.

Mwisho, toa bomba la hewa mbele ya turbo na ushike mhimili kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usukume ndani na nje: usisikie mchezo. Uutikise kando: mchezo mdogo sana si tatizo. Panga likigusa ukuta, hapo ndipo utakapoambiwa imekufa na usibishe. Yatazame pia mapanga yenyewe. Kiangazi chetu kina vumbi jekundu ambalo halina huruma, na magari mengi ya namna hii huja na filta ya wazi, nzuri kwa picha, ambayo kwenye njia za Katuba huachia mchanga upite na kuyalamba makali ya mapanga mpaka yawe butu.

---

KijanaWaBelAir

Nimerudi, na nimepoteza Jumamosi mbili. Asanteni kwa subira.

Silinda, kuanzia ya mbele: 10.1, 10.0, 10.2, 9.9, 10.1, 10.0. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini kwamba kitu cha miaka hii yote kinaweza kuwa sawa namna hiyo.

Mhimili wa turbo: ndani na nje hakuna mchezo. Kando kuna kidogo ambacho nakihisi zaidi kuliko kukiona. Mapanga hayajagusa ukuta, ila makali yamechakaa kidogo, na nilipopitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filta kilitoka na rangi ya barabara. Filta ya wazi nimekwisha kuitoa. Natafuta boksi la kiwandani, au nitajenga la bati.

Glavu ilisimama. Ilisimama wima na vidole vyote vitano, na mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nilifuata mpira wa pumzi kutoka kwenye mifuniko ya kulasi (kichwa cha injini) hadi kwenye kopo la kukusanya mvuke ambalo mtu alilifunga huko Japani, nikakuta mpira ni mwembamba kama kidole cha mtoto na umejaa tope jeupe kama maziwa yaliyoganda. Njia ya asili ya pumzi, ile ya kwenda kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), ilikuwa imezibwa kwa bolti.

Chini ya gari ndiko kulikonishangaza zaidi. Mpira wa kurudisha mafuta unatoka kwenye turbo, unateremka, halafu kabla ya kufika karteri unalegea na kufanya tumbo, kisha unapanda tena kama sentimeta tatu kuingia. Umelainika kwa joto hadi unabonyea. Na kwenye mdomo wa kuingilia mafuta hakuna kizuizi chochote. Nimepitisha waya wa milimita 4 ukaingia bila kugusa kitu. Nilipofungua mabomba ya intakula na kuyainamisha juu ya chupa, nilipata karibu mililita 300 za mafuta.

Mzee wa Kolwezi, ulikuwa huku Bel-Air unatazama?

---

FundiWaMgodi_Kolwezi

Sikuwa huko, ila huku nimeyaona kwenye mashine zenye bei ya nyumba kumi.

Anza na mpira wa kurudishia, maana huo ndio mkosaji mkubwa. Usinunue mpira wa maji ya rejeta kwa sababu tu unalingana. Mafuta ya moto yataulainisha tena, na tumbo litarudi. Tafuta mpira uliotengenezwa kwa mafuta na joto, na ukiweza, bomba la chuma lililokunjwa lenye kipande kifupi tu cha mpira katikati kwa ajili ya mtetemo. Upana wake wa ndani usipungue upana wa tundu la turbo. Uteremke tu, usipande hata milimita. Ikilazimu, hamisha mdomo wa karteri uingie juu zaidi, lakini karteri ishushwe na kuoshwa kabla ya kuchomelewa. Fundi anayetoboa karteri ikiwa bado kwenye gari anaacha chembe za chuma ndani, nazo ndizo zitakazoua kusine zako baada ya miezi miwili, ukamlaumu shetani.

Kizuizi usikichonge mwenyewe kwa kujaza risasi na kutoboa. Agiza kilicho sahihi kwa turbo ya gololi. Ni kitu kidogo kinachosafiri ndani ya bahasha. Wakati uo huo badilisha gasketi za pande zote mbili za turbo, wala usipake gundi ya silikoni kwenye mdomo wa mafuta, kwa sababu uzi wake mmoja ukikatika huziba tundu la milimita 1, na hapo turbo itakufa kweli.

Pumzi irudishe kama kiwanda kilivyoiweka, pamoja na ile valvu inayoruhusu hewa kwenda kwenye manifoldi lakini hairuhusu shinikizo la turbo kurudi. Kopo unaweza kulibakiza, mradi mipira iwe mipana na ulimwage mara kwa mara wakati wa mvua, maana safari fupi za mjini hukusanya maji ndani yake.

Neno langu la pembeni: msiwaache mafundi wa dizeli, mimi nikiwamo, wawarekebishie petroli kwa mazoea ya mazutu (dizeli). Dizeli ikipewa hewa nyingi kuliko mafuta hupoa na kuendelea na kazi. Injini ya petroli yenye turbo ikikosa petroli kidogo tu ikiwa chini ya mzigo, pistoni huyeyuka.

---

Msafiri_Kasumbalesa

Nimesoma. Narudisha neno langu kuhusu turbo. Lakini shinikizo la 1.2 hamjalijibu. Karatasi inasema 1.1, saa inasema 1.2. Westigeti haifungui vizuri, au siyo?

---

Karteri_Katuba

Hilo nililingojea, kwa sababu jibu lake liko hewani hapa kwetu, wala haliko kwenye westigeti.

Kompyuta nyingi za kurekebishika hupima shinikizo kuanzia sifuri kamili, si kuanzia hewa ya nje. Aliyeipanga huko Japani, karibu na bahari, alikuwa na hewa ya nje ya kilopaskali 101. Aliongeza kilo 1.1, yaani karibu 110, na kompyuta ikaandika 211. Gari limekuja Lubumbashi, ambako hewa ya nje ni takriban 88. Kompyuta haijui kwamba imehama. Bado inadai 211. Saa ya dirishani, ambayo huhesabu kuanzia hewa ya hapa, inaonyesha tofauti ya 211 na 88, yaani 123. Ndiyo hiyo 1.2 yenu. Westigeti inafanya kile ilichoamriwa.

Msifurahi mapema, kwa sababu hilo halimaanishi kwamba ni salama. Japani turbo ilikuwa inazidisha hewa mara 2.1 hivi, hapa inazidisha mara 2.4 ili ifikie shinikizo lilelile, kwa hiyo inazunguka kwa kasi zaidi na hewa inatoka ya moto zaidi. Nilipiga hesabu ya kukadiria, kwa hewa ya nyuzi 25 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, nikapata kwamba hewa inayoingia kwenye intakula imeongezeka joto kwa takriban nyuzi 20. Mbali na hilo, ramani yake (maagizo ya kompyuta) iliandikwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ile ya oktani karibu 100. Esansi (petroli) unayoijaza hapa siyo hiyo, na ile ya chupa za makadhafi (wauza petroli wa barabarani) hata muuzaji hajui asili yake. Hewa ya moto pamoja na oktani ndogo ndiyo njia ya petroli kulipuka kabla ya wakati wake.

Ushauri wangu: mtafute mtu mwenye uwezo wa kuifungua hiyo kompyuta, ashushe lengo hadi 190. Hapa saa itasoma 1.0, na turbo itazidisha mara 2.2 hivi, karibu na ilivyokuwa kwao. Apunguze kidogo na wakati wa cheche, na bujii zifungwe mwanya wa milimita 0.7. Akikuambia kwamba atapanga kwa kusikiliza sauti ya injini, mmiminie kahawa na umsindikize. Lazima iwepo sensa ya lamda (inayopima uwiano wa hewa na petroli) ya masafa mapana kwenye bomba la moshi, na chini ya mzigo mkubwa isome karibu 0.80.

---

KijanaWaBelAir

Ni wiki ya saba tangu nianzishe uzi huu, na ninaandika kwa mikono ambayo bado ina harufu ya mafuta.

Kizuizi kilifika kutoka Dubai baada ya siku 19, kikiwa ndani ya bahasha kama mzee alivyosema. Karteri iliteremshwa, ikaoshwa, mdomo ukahamishwa juu sentimeta nne na kuchomelewa na fundi wa Ruashi ambaye kazi yake ya kawaida ni matangi. Alichomelea vizuri kuliko nilivyotegemea, tukaijaza petroli na kuiacha usiku kucha ili kuona kama inavuja. Bomba la kurudisha sasa ni la chuma. Pumzi imerudi kwenye manifoldi kwa valvu mpya.

Kabla ya kuwasha nilitengeneza kifuniko cha mdomo wa turbo kwa kipande cha bomba la maji na valvu ya gurudumu, nikaenda kwa kwado (fundi wa matairi) wa jirani anijazie hewa hadi kilo 1 huku mimi nikipaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Viungo viwili vya intakula vilitoa mapovu, na kimoja kilipiga mluzi. Mafuta yaliyokuwa yamepita humo miezi yote yalikuwa yameulainisha mpira mpaka kibano kikateleza. Nimeosha intakula, nimebadilisha mipira yote miwili.

Ramani imeshushwa hadi 190. Aliyeifanya alikuja na sensa yake, na tulipopanda ile miinuko ya barabara ya Likasi kwa gia ya tatu lamda ilikaa kati ya 0.79 na 0.81. Nguvu imepungua, sitawadanganya, lakini gari sasa linavuta bila kusitasita pale ambapo zamani lilikuwa linakohoa.

Moshi hakuna. Nimesimama kwenye taa za mjini dakika kumi kwa makusudi, injini ikiwa ya moto, na aliyekuwa nyuma yangu alinipigia honi kwa sababu nyingine. Baada ya kilometa 800 kijiti cha mafuta kiko pale pale, na kitambaa nilichopitisha kwenye bomba la intakula kilitoka na unyevu mwembamba tu.

Gereji ya tatu ilinipigia simu juzi kuniuliza kama bado naitaka turbo yao. Nikifika kilometa 3,000 nitamwaga mafuta, nitaipasua filta kwa msumeno na kuikunjua karatasi yake kutafuta chembe za chuma, na nitaweka picha hapa, hata kama zitakuwa za aibu.

---

FundiWaMgodi_Kolwezi

Ukiipasua, tumia kikata bati. Msumeno utakuletea chembe zake wenyewe, nawe utalia bure.